Namna ya Kudai Haki Rejeshi Dhidi ya Kampuni ya Kigeni: Mwongozo kwa Walioumizwa na Wanaowasaidia

Maswali yanayotoka katika vijiji vinavyopakana na migodi, mashamba makubwa na njia za mabomba hurudi yale yale kila mwaka. Mama aliyepigwa na walinzi alipokwenda kuokota kuni anauliza kama inawezekana kumdai tajiri aliyeko London ambaye hajawahi kumwona. Kijana aliyepigwa risasi ya mguu anauliza kama amechelewa. Mzee aliyeletewa karatasi za lugha asiyoisoma anauliza kama asaini ili apewe hela. Mwongozo huu ni wao, na pia ni wa msaidizi wa kisheria, mwalimu, shehe au katekista ambaye ndiye wa kwanza kufuatwa nyumbani na watu hao.

Haki rejeshi ni njia ambayo aliyeumizwa ndiye anayeanza kusema ni kitu gani kimeharibika, nani anawajibika kukitengeneza, na kitengenezwe vipi. Kosa la jinai likitendeka, polisi na mahakama bado wana kazi yao, na kudai urejeshaji hakumfutii mkosaji mashtaka. Msingi unaotumika zaidi kwa kampuni ni Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, zilizopitishwa mwezi Juni 2011, zinazotaka kampuni iliyosababisha au kuchangia madhara ishiriki kuyarekebisha. Nadharia inatosha hapo. Ukisahau mengine yote, kumbuka hili: orodha ya mnachotaka kirejeshwe iandikwe na ninyi wenyewe kabla kampuni haijawaletea ya kwake.

Mahitaji kabla ya kuanza

Andaa kauntabuku moja ambayo haitatumika kwa jambo lingine lolote. Andaa simu yenye kamera, pamoja na mahali pa pili pa kuhifadhia nakala za picha, nje ya kijiji ikiwezekana. Kusanya vyeti vya hospitali, kadi za kliniki, risiti za dawa na nauli, vitambulisho, na karatasi yoyote inayoonyesha uhusiano wako na ardhi au kazi, iwe hati ya kimila, stakabadhi ya mshahara au kadi ya kibarua. Tafuta mtu mnayemwamini anayesoma Kiingereza, au Kifaransa kama kampuni ni ya Ufaransa au Ubelgiji, ambaye hana ndugu wala biashara ndani ya kampuni hiyo.

Jiandae pia kwa muda mrefu. Wanavijiji wa Chingola nchini Zambia, waliolalamikia maji yaliyochafuliwa na mgodi wa shaba, walifungua shauri London mwaka 2015 na kufikia makubaliano Januari 2021. Anayewaahidi hela kabla ya msimu ujao wa kilimo anawadanganya.

Hatua ya 1: Tibiwa, na hakikisha jeraha limeandikwa

Matibabu yanatangulia kila kitu. Tanzania na Uganda utahitaji fomu ya polisi PF3, na Kenya utahitaji P3. Mwombe daktari aandike aina ya jeraha na kinachoonekana kulisababisha, kwa sababu maneno “jeraha la mguu” peke yake hayamsaidii mtu miaka mitatu baadaye, ilhali “jeraha la risasi, imeingia nyuma ya goti” yanasimama yenyewe. Omba nakala ya kila ukurasa siku hiyo hiyo, kwa kuwa mafaili ya zahanati hupotea.

Kwa aliyebakwa, afike hospitali ndani ya saa 72 ili apewe dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Nguo zisifuliwe, na zihifadhiwe ndani ya mfuko wa karatasi, kwani mfuko wa plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Asilazimishwe kusimulia tukio mbele ya kamati ya kijiji. Msikilizaji mmoja aliyemchagua mwenyewe anatosha.

Hatua ya 2: Andika maelezo ya kila mtu peke yake

Maelezo yanataja tarehe, saa, mahali, nani alifanya nini, alivaa sare gani, alisema nini, na nani mwingine alikuwepo. Andika alichokiona mtu kwa macho yake mbali na alichosimuliwa. Kama anaeleza vizuri zaidi kwa Kisukuma au Kikurya, mwache aeleze hivyo, uandike kwa lugha hiyo, kisha utafsiri chini yake. Msomee alichosema, aweke sahihi au dole gumba, na kama uwezo upo mpeleke kwa kamishna wa viapo.

Kosa linaloharibu mashauri mengi ni la msaidizi mwenye haraka anayeandika maelezo ya watu ishirini kwa maneno yale yale. Wakili wa kampuni akiona sentensi moja imejirudia kwenye karatasi ishirini, atasema watu hao wamefundishwa, na hata yule mwenye kovu la kweli atatiliwa shaka. Acha tofauti ndogo zibaki, maana watu wawili walioona jambo moja hawalisimulii sawasawa.

Picha na video zisihaririwe. Zikitumwa kwa WhatsApp hupungua ubora na kupoteza taarifa za ndani zinazoonyesha siku ya kupigwa, kwa hiyo faili la asili libaki kwenye simu au kadi ya kumbukumbu.

Hatua ya 3: Undeni kundi lenye idhini ya watu

Mtu mmoja anaweza kudai haki peke yake, lakini kampuni husikiliza kundi kwa makini zaidi, na vitisho humpata kwa urahisi zaidi aliye peke yake. Iteni mkutano wa waathirika, mchague wawakilishi wachache, mwandike muhtasari wenye majina na sahihi, na mweleze wazi mipaka yao: wanaruhusiwa kupokea taarifa na kuzungumza, ila hawaruhusiwi kukubali malipo wala kusaini mapatano bila kurudi kwenye mkutano. Kifungu hicho kimoja ndicho kinga yenu dhidi ya mwakilishi anayenunuliwa.

Wanawake wakutane peke yao kabla ya mkutano wa wote. Mambo yanayosemwa na akina mama juu ya walinzi kwenye njia za kuni na maji hayasemwi mbele ya wakwe na waume zao, na yasiposemwa hayataingia kwenye madai.

Jihadharini na madalali wa kesi wanaopita nyumba kwa nyumba wakiandikisha majina kwa ada. Njia zinazotajwa katika Hatua ya 6, ukiacha mahakama, hazitozi ada ya kuwasilisha lalamiko.

Hatua ya 4: Andikeni mnachotaka kirejeshwe

Tumieni muda mwingi hapa kuliko mahali pengine popote. Kundi likiulizwa ghafla linataka nini, jibu la kwanza huwa ni fidia, kisha watu hunyamaza. Ni jibu la haki kabisa, kwa kuwa mguu uliokatwa una gharama na shamba lililochukuliwa lilikuwa likilisha watu. Hata hivyo Umoja wa Mataifa, katika azimio la Baraza Kuu la Desemba 2005 kuhusu haki za waathirika, ulitaja njia tano za kurekebisha madhara, na fedha ni mojawapo tu. Pitieni zote tano, moja baada ya nyingine, na kila mtu ajibu.

Ya kwanza ni kurudishiwa kilichochukuliwa: ardhi, kazi, njia ya kupita, eneo la malisho, makaburi ya wazee. Ya pili ni fidia ya fedha kwa kile kisichoweza kurudi. Ya tatu ni tiba na huduma za kumsimamisha tena mtu, kama upasuaji wa pili, mguu wa bandia na matengenezo yake ya baadaye, ushauri nasaha, na masomo ya watoto wa marehemu. Ya nne ni ukweli na heshima, yaani kampuni kueleza hadharani kilichotokea, kuomba radhi, kusaidia kupata mwili uliofukiwa bila ndugu kujua, kuweka kumbukumbu. Ya tano ni dhamana kwamba jambo hilo halitatokea tena.

Mifano ya karibu inaonyesha kwamba madai ya namna hii si ndoto. Mwezi Februari 2021 kampuni ya Camellia ya Uingereza ilitangaza makubaliano na walalamikaji wa Kenya kuhusu shamba la Kakuzi, Murang'a, kufuatia madai ya ukatili wa walinzi, yakiwemo ya ubakaji. Mbali na fedha, yalitajwa mambo yanayogusa maisha ya kila siku: barabara tatu ambazo wananchi wangepita bila kuomba kibali, vituo viwili vya jamii, walinzi wa njia ambao wengi wao wangekuwa wanawake, kikosi cha kupima na kuweka mipaka ya ardhi ambayo shamba lilikwisha kuitoa, na sera ya kuwalinda watetezi wa haki. Angalieni jinsi kila kimoja kinavyojibu madhara fulani. Barabara inajibu kipigo kilichotokea njiani, na mlinzi wa kike anajibu hofu ya mama anayepita kichakani alfajiri.

Huko Kilwa, mji ulio kando ya Ziwa Mweru nchini Kongo, zaidi ya watu 70 waliuawa na wanajeshi mwezi Oktoba 2004, na jeshi lilitumia magari na ndege zilizokuwa za kampuni ya madini ya Anvil. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2017, iliitaka serikali ya Kongo iwalipe waathirika na familia zao dola milioni 2.5. Ilitaka pia radhi rasmi, miili ifukuliwe na kuzikwa kwa heshima, na mnara wa kumbukumbu ujengwe. Aliyefiwa huyaelewa madai hayo mara moja, hata kama hajasoma sheria hata siku moja.

Andikeni kila dai kwa sentensi inayopimika. “Kampuni ijali jamii” halipimiki. “Kampuni ifungue njia ya kuni kutoka kijijini hadi mtoni, siku zote za wiki, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni” linapimika, na mtoto wa darasa la tano anaweza kwenda kuangalia kama limetekelezwa.

Hatua ya 5: Tafuteni mwenye kampuni

Jina lililo kwenye geti mara nyingi ni la kampuni tanzu, yaani kampuni ya hapa inayomilikiwa na nyingine iliyo juu yake. Anzeni na msajili wa kampuni, ambaye Tanzania ni BRELA, muulize wanahisa ni akina nani, kisha mpande juu ngazi kwa ngazi hadi mfike kwenye kampuni mama. Ikiwa hisa zake zinauzwa katika soko la hisa la London, Toronto au Paris, taarifa zake za mwaka zinapatikana bure mtandaoni. Pakueni za miaka yote inayohusu tukio.

Katika taarifa hizo tafuteni mambo mawili. La kwanza ni ushahidi kwamba kampuni mama ndiyo inayosimamia mambo ya usalama, mazingira na haki za binadamu katika kampuni tanzu. Katika shauri la Chingola, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliruhusu mwaka 2019 kampuni mama, Vedanta, ishtakiwe London, na maandiko yake yenyewe yaliyoeleza jinsi inavyosimamia migodi yalikuwa na uzito mkubwa. Mwaka uliotangulia, wafanyakazi na wakazi 218 wa mashamba ya chai ya Unilever huko Kericho, walioshambuliwa na makundi ya wahalifu katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, walishindwa mbele ya Mahakama ya Rufani ya Uingereza kwa sababu haikuonekana kwamba kampuni mama ilikuwa ikiiongoza kampuni tanzu katika jambo hilo. Maumivu ya Kericho hayakuwa madogo kuliko ya Chingola, lakini nyaraka hazikulingana.

La pili ni nani ameikopesha. Fedha za IFC, tawi la Benki ya Dunia linalofadhili kampuni binafsi, mara nyingi hupitia kwenye benki au mfuko mwingine kabla ya kufika mradini, na kila mlango zinamopita unaweza kuwa mlango wenu wa kulalamikia.

Hatua ya 6: Chagueni mlango wa kupeleka lalamiko

Utaratibu wa malalamiko wa kampuni yenyewe ndio ulio karibu zaidi. Ule wa mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui, mkoani Shinyanga, ulianzishwa baada ya kampuni ya Petra Diamonds kufikia makubaliano mwezi Mei 2021 na walalamikaji 71 waliokuwa wamefungua madai Uingereza kuhusu ukatili wa walinzi, makubaliano yenye thamani ya pauni milioni 4.3, zikiwemo gharama za mawakili, bila kampuni kukiri kuwajibika kisheria. Utaratibu huo ulipokea maelfu ya malalamiko mengine. Kabla ya kuingia katika utaratibu wa aina hii, ulizeni nani anayeamua, kama mtapewa wakili asiye wa kampuni, kama mnaweza kukata rufaa, na kama mkikataa mnachopewa bado mnaweza kwenda mahakamani. Jibu la swali la mwisho likiwa hapana, simameni hapo hapo mtafute ushauri.

Ofisi ya Taifa ya Mawasiliano chini ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linaloundwa zaidi na nchi tajiri, ndiyo njia ninayoipendekeza kwa makundi mengi yasiyo na fedha. Zaidi ya nchi 50, zikiwemo Uingereza, Kanada, Uholanzi, Ufaransa, Uswisi na Marekani, zina ofisi hiyo, inayopokea malalamiko dhidi ya kampuni zao hata kama madhara yametokea nchi nyingine. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo hazimo, kwa hiyo lalamiko hupelekwa katika nchi ya kampuni mama. Ofisi haina nguvu ya kumlazimisha mtu, kazi yake ni kuwaita pande mbili mezani.

Wafanyakazi wa zamani 168 wa kiwanda cha bia cha Bralima mjini Bukavu nchini Kongo, kampuni tanzu ya Heineken, waliitumia njia hiyo. Walidai walipoteza kazi isivyo halali kati ya 1999 na 2003, wakati mji ukiwa mikononi mwa waasi. Walipeleka lalamiko kwa ofisi ya Uholanzi mwaka 2015, miaka mingi baada ya tukio, na Agosti 2017 walifikia makubaliano yaliyojumuisha malipo ya fedha. Ninautaja mfano huu kwa kila anayeniambia kwamba watu wa kawaida wa huku hawawezi kuketi meza moja na kampuni ya ukubwa ule.

Kama kuna fedha za IFC, ofisi ya kupelekea ni CAO, inayoshughulikia malalamiko juu ya miradi ya IFC. Inapokea barua ya lugha yoyote, Kiswahili kikiwemo, na inaweza kuficha majina yenu, ilimradi barua iwahi kabla fedha hizo hazijaondoka mradini. Wakazi wa Mubende na Kiboga nchini Uganda, waliodai kuondolewa kwa nguvu kupisha misitu ya kampuni ya Uingereza iitwayo New Forests Company, waliandika kwa CAO mwaka 2011. Baada ya usuluhishi walifikia makubaliano mwaka 2013 na 2014, na wakaunda vyama vya ushirika vilivyowawezesha kupata ardhi.

Mahakama ya ng'ambo ndiyo yenye nguvu zaidi na ndiyo ngumu zaidi. Mtahitaji wakili wa nchi hiyo anayekubali kulipwa mkishinda tu. Ulizeni kwa maandishi ni sehemu gani ya fidia itakatwa, na nani atalipa gharama za upande wa pili mkishindwa. Jambo la kuogopa zaidi ni ukomo wa muda. Madai ya kuumizwa mwili hufungwa baada ya miaka 3 kwa sheria za Tanzania na Kenya, na kwa kawaida mahakama za Uingereza hufuata ukomo wa nchi ambako madhara yalitokea. Mazungumzo na kampuni hayasimamishi saa hiyo, isipokuwa kampuni ikubali kwa maandishi kuisimamisha.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora kwa Tanzania, na tume ya taifa kwa Kenya au Uganda, zipelekewe nakala kwa vyovyote vile. Muhuri wao wa mapokezi ni ushahidi wa tarehe.

Hatua ya 7: Andikeni barua ya lalamiko

Barua nzuri haizidi kurasa nne. Inaeleza ninyi ni nani, kampuni ipi inalalamikiwa na uhusiano wake na kampuni mama, kilichotokea kwa mfuatano wa tarehe, madhara yake, hatua mlizokwisha kuchukua, na ile orodha ya Hatua ya 4. Matusi na laana ziondoeni, hata kama zinastahili. Majina ya mashahidi walio hatarini yasiwekwe, badala yake tumieni herufi au namba. Ambatanisheni nakala, kamwe msitoe nyaraka za asili, na tunzeni uthibitisho wa kutuma.

Hatua ya 8: Jiandaeni kwa kikao cha ana kwa ana

Kikao kisifanyike ndani ya geti la kampuni wala kituo cha polisi. Chagueni ukumbi wa parokia, shule au mji mwingine. Lugha iwe ile mnayoifahamu, na mkalimani wa kampuni asiwe ndiye mkalimani wenu. Amueni mapema nani atasema nini, nani ataandika, na ishara ya kuomba mapumziko ili mshauriane nje. Upande wa kampuni uwepo na mtu mwenye mamlaka ya kukubali, kwani afisa uhusiano asiye na mamlaka huwamalizia nauli.

Mwathirika hapaswi kuketi mbele ya aliyemuumiza isipokuwa ametaka hivyo mwenyewe, na anaweza kubadili nia dakika ya mwisho. Kwa waliobakwa, usuluhishi wa ana kwa ana na mkosaji mimi siushauri. Sauti yao inaweza kufika kwa maandishi au kwa mwakilishi.

Katika desturi zetu mkubwa akisema “yaishe” watu hunyamaza kwa heshima. Wazee waelezwe mapema kwamba katika kikao hiki neno hilo ni la mwathirika peke yake, na kwamba kumshinikiza mjane asamehe ili kijiji kipate kisima ni kumuumiza mara ya pili.

Hatua ya 9: Soma kabla ya kusaini, kisha soma tena

Dai rasimu kwa Kiswahili, na kifungu kinachosema nakala za lugha zote mbili zina nguvu sawa. Chukueni siku kadhaa, muisome kwa sauti mbele ya kundi.

Tafuteni kifungu cha kuachia madai, yaani kile kinachosema ukipokea hutadai tena popote. Huko Porgera, Papua New Guinea, kampuni ya dhahabu ya Barrick iliweka mpango wa kuwafidia wanawake waliobakwa na walinzi wa mgodi, na zaidi ya wanawake mia moja walikubali vifurushi vyao kwa sharti la kutoishtaki. Wachache waliokataa na kupata wakili walifikia makubaliano tofauti mwaka 2015, na ndipo kampuni ikawaongezea wale wa kwanza. Kama kifungu hicho hakiepukiki, kihusu tukio moja lililotajwa kwa tarehe, kisiguse makosa ya jinai, na kisainiwe mbele ya wakili wako.

Kifungu cha usiri kinaweza kuficha kiasi cha fedha, na hilo lina faida kwa mpokeaji mwenye ndugu wengi. Kisikuzuie kusimulia kilichokupata. Angalia pia njia ya malipo: akaunti ya mwathirika mwenyewe, kwa mama iwe yake na si ya mume, na malipo makubwa yatanguliwe na ushauri wa fedha. Mwisho, kila ahadi iwe na tarehe, jina la cheo kinachowajibika, na kamati ya ufuatiliaji ambayo nanyi mna viti ndani yake.

Hatua ya 10: Fuatilieni utekelezaji

Rudini kwenye kauntabuku. Kila miezi mitatu kamati ipitie ahadi moja moja, iandike imetekelezwa, imecheleweshwa au imevunjwa, ipige picha, na itume ripoti kwa kampuni mama na kwa ofisi iliyosimamia mapatano. Familia za Kilwa zililazimika kuendelea kudai utekelezaji hata baada ya uamuzi kutoka, kwa hiyo msivunje kundi siku ya kusaini.

Mkikwama

*Polisi wamekataa kutoa PF3.* Andika jina la kituo, siku, saa na aliyekataa. Nenda hospitali utibiwe kama dharura, umweleze daktari kilichotokea, kisha upeleke taarifa ya maandishi kwa afisa mtendaji wa kijiji na kwa tume ya haki za binadamu.

*Kampuni inasema waliopiga ni polisi au walinzi wa kukodiwa.* Ulizeni nani aliwalipa posho, nani aliwapa magari, mafuta na chakula, na chini ya mkataba gani. Mwadui walinzi walikuwa wa kampuni ya kukodiwa, na makubaliano yalifikiwa.

*Kampuni imeuzwa au imebadili jina.* Mgodi wa North Mara, Tarime, ulikuwa chini ya African Barrick Gold, ambayo ikawa Acacia mwaka 2014, kisha Barrick ikaichukua yote mwaka 2019. Kampuni iliyosajiliwa nchini kwa kawaida hubaki na wajibu wake hata wenye hisa wakibadilika. Pateni kutoka kwa msajili orodha ya wenye hisa siku ya tukio na ya leo, mwandikie wote.

*Muda wa mahakama umekwisha.* Mlango wa OECD bado unaweza kuwa wazi, kama ilivyokuwa kwa watu wa Bukavu. Mwambieni pia wakili aangalie kama mwathirika alikuwa mtoto wakati wa tukio, maana kwa mtoto saa huanza kuhesabiwa baadaye.

*Kampuni mama haijibu.* Andikeni tena baada ya siku 30, mkituma nakala kwa wakopeshaji, kwa wanahisa wakubwa waliotajwa katika taarifa ya mwaka, na kwa ubalozi wa nchi yake.

*Kampuni inatoka nchi isiyo na ofisi ya OECD, kama China au Falme za Kiarabu.* Fuateni fedha na wanunuzi. Mkopeshaji, au kiwanda cha Ulaya kinachonunua madini au majani ya chai, huenda kiko katika nchi yenye ofisi hiyo.

*Mwakilishi wetu ameanza kukutana na kampuni kwa siri.* Iteni mkutano, someni muhtasari wa Hatua ya 3 mbele yake, mwondoeni kwa kura, kisha iandikieni kampuni siku hiyo hiyo kwamba sahihi yake haiwafungi.

*Kuna vitisho.* Sitisheni vikao vya hadhara, hamisheni nyaraka za asili, muwaarifu watetezi wa haki wa taifa na ofisi inayoshughulikia lalamiko lenu, na mumwachie kila aliyetishwa uhuru wa kujiondoa bila kulaumiwa na mtu. Maelezo yake yabaki yamefungwa hadi atakaposema yatumike.